Kirusi kinaweza kuua mashine kabisa? Majibu kutoka kwenye meza ya fundi, Dodoma

Swali hili naulizwa mara kwa mara na jibu langu ni lile lile: ndiyo, kirusi cha kompyuta kinaweza kuharibu kifaa chenyewe na sio mafaili tu, imeshatokea na ushahidi upo. Lakini mashine nyingi zinazofika mezani kwangu zikiwa na hukumu ya "fundi wa kwanza kasema kirusi kimeunguza mazabodi", yaani ule ubao mkuu wa ndani, hazijaunguzwa na kirusi chochote. Mambo haya mawili yote ni kweli na ndo maana nimeamua kuyaandika kwa urefu, maana watu wanatoa hela yao ya jasho kununua mbadala wa kitu ambacho hakikuharibika, na hiyo inaniuma kweli.

Tuelewane kwanza mashine ikifa inakufaje. Mteja akisema "imekufa" anaweza kuwa anamaanisha vitu tofauti kabisa na kila kimoja kina bei yake. Kuna mashine ambayo Windows imevurugika au mafaili yamepotea, ile inawaka vizuri, feni inazunguka, kioo kinaonyesha nembo ya kampuni halafu inagota hapo hapo, hiyo ni nzima, unapiga Windows upya na kazi inaendelea. Halafu kuna mashine iliyopoteza ile programu ndogo inayokaa ndani ya chipu juu ya ubao wenyewe, BIOS, ambayo ndo inayoamsha vitu vyote kabla hata Windows haijaitwa, na hii ukibonyeza swichi taa inawaka, feni inazunguka kidogo, kioo cheusi, basi. Na kuna mashine ambayo kitu kimeungua kweli, ukifungua mfuniko pua inakuambia kabla ya macho. Mtu aliyezimia si maiti, na ile ya katikati imezimia tu. Tatizo ni kwamba kwa mteja hizo mbili za mwisho zinafanana kabisa, zote kioo cheusi, na hapo ndo watu wanauziwa mbuzi kwenye gunia.

Virusi tunavyokutana navyo hapa mjini vingi vinatembea na flashi. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, anaenda steshenari kuprinti kazi yake, anachomeka flashi kwenye kompyuta ambayo tangu asubuhi imeshapokea flashi za watu wengi sana, anarudi hostel anakuta mafolda yote yamegeuka shotikati na ukubwa wake kilobaiti moja moja. Mafaili yenyewe yapo, yamefichwa tu, unayarudisha kwa amri fupi. Kirusi cha aina hiyo hakijui chochote kuhusu joto wala voteji, kazi yake ni kuzaana. Na wale wanaoandika virusi vya siku hizi wanatafuta hela, anataka nywila zako, anataka aifunge data yako akudai malipo, au anataka prosesa yako, ile chipu kuu inayofanya mahesabu yote, imchimbie sarafu za mtandaoni usiku kucha. Mhalifu wa namna hii anahitaji mashine yako iwe hai, ikifa leo kesho hana cha kuvuna. Hii ndo sababu kubwa kabisa ya virusi vinavyoua vifaa kuwa adimu, na watu wengi hawaifikirii, wanadhani ni kwa sababu haiwezekani.

Inawezekana. Kisa kilichoifanya dunia nzima iamini ni kile cha CIH. Kiliandikwa mwaka 1998 na kijana wa Taiwan, Chen Ing-hau, akiwa bado mwanafunzi, na hilo jina la kirusi ni herufi za jina lake mwenyewe. Kilikuwa kinajificha ndani ya programu za Windows 95 na 98, kinakaa kimya, mashine inafanya kazi kama kawaida, mpaka ifike tarehe 26 Aprili, ambayo ni tarehe kinu cha nyuklia cha Chernobyl kilipolipuka mwaka 1986, kwa hiyo wengi wanakifahamu kwa jina la Chernobyl. Mwaka 1999 tarehe ilipofika kikaamka, na Asia ndo waliumia zaidi, Korea Kusini hali ilikuwa mbaya sana. Kilikuwa kinafanya mambo mawili. Kwanza kinajaza uchafu kwenye megabaiti ya kwanza ya hadidiski, pale penye ramani ya kila kitu kilichomo, kwa hiyo data ipo lakini hakuna anayejua iko wapi. Pili kinajaribu kuandika uchafu kwenye chipu ya BIOS, na kwenye ubao ambao chipu yake ilikuwa wazi kuandikwa, hasa ule wenye chipseti (chipu zinazoongoza ubao) ya Intel 430TX, kilifanikiwa, mwenye mashine anawasha anakuta haitoi hata mlio.

Hapo tuangalie vizuri maana ndo kiini cha mambo. Hakuna kilichoungua. Chipu ile ukiipima ni nzima, ubao ni mzima, prosesa nzima, kilichoharibika ni maandishi yaliyomo ndani ya chipu. Bahati ya wengi wakati ule chipu ya BIOS ilikuwa imekaa kwenye soketi, fundi anaichomoa, anaiandika upya kwenye kifaa maalumu au anaweka nyingine. Aliyekuwa na ubao ambao chipu imechomelewa, na hana fundi mwenye vifaa, alinunua ubao mpya. Kwa hiyo je kirusi kiliua mashine? Mhandisi atasema hapana, lakini mwenye mashine aliyelipia ubao mwingine atasema ndiyo, na mimi nasema wote wako sawa, ila tofauti kati ya majibu yao ni hela, na hela hiyo ni ya mteja.

Nieleze hii kazi inavyofanyika leo ili ukiambiwa mazabodi imekufa ujue cha kuuliza. Aliniletea dada mmoja laptopu yake, mtumishi, mashine ina kazi zake zote za ofisini, alikuwa ameshaambiwa sehemu nyingine kwamba kirusi kimeunguza mazabodi na anahitaji laki tatu na nusu. Nikamuuliza, dada, ilianzaje? Akasema ilikuwa inajisasisha, imeandika usizime, umeme ukakatika, na betri yake ilishachoka siku nyingi haikai na chaji hata dakika tano. Basi hapo hadithi ilishajieleza yenyewe. BIOS ilikuwa inaandikwa upya, imefika katikati, umeme umekwenda, na iliyobaki ndani ya chipu ni nusu ya zamani nusu ya mpya.

Unafungua mfuniko wa chini, unatoa betri kubwa na ile betri ndogo ya saa, hakuna umeme wowote unaobaki kwenye ubao. Unatafuta chipu ndogo nyeusi yenye miguu minane, minne huku minne kule, ukubwa wake kama punje ya mahindi, na kwenye kona moja kuna kitone kinachoonyesha mguu namba moja uko wapi. Kabla ya kugusa chochote unasoma namba iliyoandikwa mgongoni, kwa tochi na lenzi, maana W25Q64FV inatumia volti 3.3 lakini W25Q64FW ambayo kwa macho ni pacha wake inatumia volti 1.8, na ukiilisha ya pili umeme wa ya kwanza unaweza kuiua kweli kweli, na hapo huwezi tena kusingizia kirusi. Unabana klipu juu yake, waya mwekundu upande wa kitone, unaunganisha na programa ya USB, kifaa cha kusomea na kuandikia chipu, zile za CH341A ambazo bei yake ni ndogo tu, unasoma kilichomo unahifadhi, unasoma tena mara ya pili unalinganisha mafaili mawili yafanane kila baiti, yasipofanana klipu haijakaa vizuri, unarudia. Hilo faili bovu usilitupe hata siku moja, ndani yake kuna namba ya mashine na ufunguo wa Windows wa mwenye mashine kama ilikuja na Windows 8 au toleo la baadaye, unavihamishia kwenye faili jingine la BIOS ambalo sio bovu. Halafu unafuta, unaandika, unahakiki.

Mashine ya dada yule ilikaa na kioo cheusi karibu dakika nzima baada ya kubonyeza swichi, kwa sababu mara ya kwanza baada ya kuandikwa upya huwa inapima RAM yake yote, kumbukumbu ya kufanyia kazi, kutoka mwanzo, na mtu asiyejua hapo anazima kwa nguvu anadhani imeshindikana. Kisha nembo ikatokea. Alilipa elfu arobaini na mafaili yake yote alikuta yapo. Sijataja na sitataja nani alimwambia laki tatu na nusu, inawezekana kabisa hakuwa mwongo, hakuwa na klipu tu, lakini mtu asiye na klipu aseme hana klipu.

Sasa turudi kwenye swali gumu zaidi, je programu inaweza kuunguza? Kuunguza kabisa, na sio kufuta maandishi tu? Jibu langu linategemea kitu kimoja, nani mwenye neno la mwisho kwenye kile kifaa. Prosesa ya laptopu yako ikifika karibu nyuzi 100 inajipunguzia mwendo yenyewe, na joto likizidi kupanda inakata umeme, na uamuzi huo unafanyika ndani ya chipu yenyewe bila kuiomba ruhusa Windows wala programu nyingine yoyote. Kirusi kinaweza kuifanyisha kazi asilimia mia usiku na mchana, utasikia feni inapiga kelele na mapaja yanachomeka, lakini pale kwenye kukata hakifiki. Printa nazo hivyo hivyo. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia kule Marekani, Ang Cui na Salvatore Stolfo, walionyesha kwamba unaweza kubadilisha programu ya ndani ya printa za HP LaserJet kwa kuipelekea tu kazi ya kuprinti, wakaipasha moto ile sehemu inayounguzia wino kwenye karatasi, karatasi ikabadilika rangi, watu wakapiga kelele kwamba printa zitachoma maofisi. Kilichotokea ni kwamba swichi ya joto ilikata. Swichi ile ni ya vyuma, haina programu ndani yake, haidanganyiki.

Kwa hiyo hatari ipo pale ambapo mtengenezaji aliacha neno la mwisho mikononi mwa programu peke yake. Na pale imeshatokea mara nyingi hata bila kirusi. Kompyuta za Commodore PET za miaka ya sabini na themanini, kulikuwa na amri fupi ambayo kwenye toleo la zamani iliharakisha kuandika kwenye kioo, ukiipiga kwenye toleo jipya ingeweza kuharibu kioo chenyewe. Vile vioo vya zamani vyenye mgongo mkubwa, wale waliotumia Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, enzi hizo wanakumbuka maonyo kwamba ukiweka masafa yasiyo yake unaweza kuiunguza. Mwaka 2003 toleo la Mandrake Linux 9.2 lilikuwa linaua CD-ROM za LG wakati wa kuinstoli, kwa sababu lilituma amri ya kawaida kabisa ya kusafisha kumbukumbu ya muda na zile draivu za LG zilikuwa zinaielewa amri hiyo kama amri ya kubadilisha programu yake ya ndani. Hakuna aliyekusudia ubaya. Machi 2010 Nvidia, watengenezaji wa kadi za picha, walilazimika kuondoa draiva (programu ya kuendeshea kadi) namba 196.75 kwa sababu ilikuwa inavuruga feni za kadi za picha, feni haizunguki inavyotakiwa na kadi inapikika. Na juzi tu hapa, 2024, Intel wenyewe walikiri kwamba maelekezo ya ndani ya prosesa zao za mezani za kizazi cha 13 na 14 yalikuwa yanaomba voteji kubwa kuliko inavyotakiwa, prosesa zinachakaa mapema na ikishachakaa haiponi, wakatoa marekebisho na wakaongeza dhamana miaka miwili. Kama makosa ya bahati mbaya yanaweza kufanya hivyo, mtu mwenye nia mbaya na ujuzi anaweza pia, hilo sibishani na mtu.

Kwa upande wa simu, hapa naomba tusikilizane vizuri maana ndo kifaa ambacho kila mtu anacho. Desemba 2017 kampuni ya Kaspersky ilieleza kirusi cha Android walichokiita Loapi. Kilikuwa kinajifanya apu ya kukinga virusi au apu za wakubwa, kikishaingia kinafanya kila kitu, kinaonyesha matangazo, kinatuma meseji, na kinachimba sarafu ya Monero kwa prosesa ya simu. Walikiacha kwenye simu ya majaribio, na baada ya siku mbili betri ikavimba mpaka ikabenua mfuniko wa simu. Huu ndo mfano safi ninaoujua wa kirusi cha kawaida, cha mtu wa kawaida, kuharibu kifaa kwa macho. Wala hakikukusudia kuua simu, kilitaka hela, betri imekufa njiani.

Na sisi tunaishi wapi? Dodoma, Oktoba na Novemba kabla mvua hazijaanza, jua la saa nane mchana, simu iko kwenye dashibodi ya bajaji pale Sabasaba inachaji kwa chaja ya elfu tatu huku inaonyesha ramani. Ongeza juu yake apu uliyotumiwa WhatsApp na mtu usiyemjua vizuri, inayotaka kibali cha kila kitu. Sisemi kila betri iliyovimba ina kirusi, na kusema ukweli nyingi ninazoziona zimevimba kwa sababu ya ubora mbovu wa betri yenyewe, au laptopu iliyokaa kwenye chaja miezi na miezi bila kuchomolewa. Laptopu ikianza hivyo kitufe cha tachipadi kinakuwa kigumu kubonyea, halafu pembeni panafunguka kaupenyo kadogo, halafu siku moja haifungiki vizuri. Ukiona hivyo zima, chomoa chaja, usiibonyeze irudi na usiitoboe, ilete kwa fundi hivyo hivyo. Gesi iliyomo mle na lithiamu sio vitu vya kuchezea na kisu cha jikoni.

Kuna uharibifu mwingine wa polepole ambao hauonekani. Kumbukumbu za kuhifadhia mafaili za simu, na SSD, zile diski za kompyuta zisizo na kitu kinachozunguka, zinaandikwa kwa idadi fulani ya mara halafu seli zinachoka, hiyo ni asili yake. Programu yoyote inayoandika bila kupumzika inakula umri wa kifaa. Mwaka 2016 ilibainika kwamba programu ya Spotify ya kompyuta ilikuwa na hitilafu, inaandika data nyingi mno kwenye diski hata kama hupigi muziki, na hiyo ni programu halali ya kampuni kubwa. Kirusi kikifanya hivyo kwa makusudi, simu ya bei nafuu ambayo kumbukumbu yake imechomelewa kwenye ubao haina namna, ikichoka ubao wote umechoka.

Vumbi letu nalo tusilisahau, ingawa sio kirusi. Kuanzia Juni upepo unapoanza, lile vumbi jekundu linaingia kila mahali, nafungua laptopu kutoka Nkuhungu au Nzuguni nakuta kati ya feni na ile mikunjo ya kutolea joto kuna blanketi kabisa, unalichomoa zima zima kama kitambaa. Hewa haipiti. Mashine inakuwa nzito, inajizima yenyewe, mwenyewe anasema kirusi. Nikipuliza na blowa nikabadilisha dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa, kirusi kinaondoka bila antivirusi.

Ruta ndo eneo ambalo nadhani litatuumiza hapa kwetu kabla ya laptopu, na hakuna anayelizungumzia. Oktoba 2023 kule Marekani, ndani ya saa 72, ruta zaidi ya 600,000 za wateja wa kampuni moja ya intaneti zilikufa. Watafiti wa Black Lotus Labs walikuja kueleza Mei 2024 kwamba kulikuwa na programu hasidi iitwayo Chalubo iliyoingia, na programu za ndani za ruta zikafutwa. Hazikufufuka, zilibidi zibadilishwe moja moja. Miaka sita kabla ya hapo, 2017, kulikuwa na kingine, BrickerBot, ambacho kilikuwa kinatafuta vifaa vya mtandaoni ambavyo nywila yake haijabadilishwa tangu kiwandani na kuvifuta kabisa. Sasa tembea kwenye hostel yoyote, kwenye gesti, kwenye steshenari, fungua ukurasa wa ruta, andika admin na admin. Unaingia. Laptopu yako ina ulinzi wa miaka mingi ya wahandisi kuumia kichwa, BIOS mpya zinakagua saini ya mtengenezaji kabla hazijakubali kuandikwa, lakini ruta ile ya bei rahisi haina lolote kati ya hayo, na ikishafutwa mwenye nayo ataambiwa "radi hiyo".

Halafu kuna viwanda na mitambo mikubwa, na huku swali la kirusi kuharibu vyuma halina mjadala tena. Machi 2007 Idaho National Laboratory kule Marekani walichukua jenereta ya dizeli ya megawati 2.25 wakaishambulia kwa amri za kompyuta tu, wanafungua na kufunga swichi kubwa ya kuiunganisha na gridi kwa wakati ambao sio wake, jenereta inapigana na gridi. Video ipo, unaona mtambo mzima unaruka, moshi unatoka, unakufa. Amri za kawaida, zimetolewa kwa wakati mbaya.

Stuxnet ndo kubwa lao. Kiligunduliwa Juni 2010 na kampuni ndogo ya Belarus, VirusBlokAda, na kililenga kiwanda cha kurutubisha urani cha Natanz, Iran. Mitambo ile haikuwa kwenye intaneti, kiliingia kwa flashi, ndiyo, flashi, hii hii tunayoichomeka steshenari. Kinaingia Windows, kinatafuta programu ya Siemens ya kuendeshea mitambo, kikiikuta kinaangalia kama mpangilio ni ule kinaoutafuta, kama sio kinakaa kimya. Kama ndiyo, kinabadilisha mwendo wa mashinepewa (centrifuge), zile zinazozunguka kwa kasi kurutubisha urani, zinazotakiwa kuzunguka kwenye masafa ya karibu hezi 1,064, kinapandisha mpaka 1,410, kinarudisha, siku nyingi baadaye kinashusha mpaka 2, kinarudisha. Na muda wote huo waendeshaji wanaonyeshwa kwenye kioo namba za kawaida, kila kitu kijani. Inakadiriwa mashinepewa karibu 1,000 ziliharibika, na mafundi wa pale wanabadilisha tu, wanadhani ni ubovu wa vifaa. Nawaza sana juu ya wale mafundi. Unapima, kipimo kinasema sawa, kifaa kinavunjika mbele yako, na kipimo ndo kinachodanganya.

Ripoti ya mwaka 2014 ya taasisi ya serikali ya Ujerumani inayosimamia usalama wa mifumo, BSI, nayo ilieleza kiwanda cha chuma ambacho wavamizi waliingia kwa barua pepe za hadaa, wakafika mpaka kwenye mifumo ya uzalishaji, na tanuru ikashindwa kuzimwa kwa utaratibu wake, uharibifu ukawa mkubwa.

Naandika haya nikiwa Dodoma ambapo maji tunayokunywa yanasukumwa na pampu za umeme kutoka visima vya Mzakwe, treni ya umeme ya kutoka Dar imeanza kufika kwetu mwaka 2024, bwawa la Mtera lina mitambo yake ya megawati 80 hapo mpakani na Iringa. Sidai kwamba kuna tatizo lolote huko, sijui mtu anayedai hivyo na simtishi yeyote. Ninachokitaka ni wale vijana wanaosomea mitambo na wale wanaosomea kompyuta pale chuoni waanze kukaa meza moja, maana mtu wa kompyuta anadhani mtambo ni data na mtu wa mtambo anadhani kompyuta ni kioo tu cha kusomea namba, na Stuxnet ilipita katikati ya hao wawili. Na fundi mwenye geji ya mkono inayosoma mgandamizo bila kupitia kompyuta, msimcheke kwamba amepitwa na wakati, mwacheni nayo.

Kwa wewe mwenye laptopu iliyozima, ukifika kwa fundi akakuambia kirusi kimeunguza mazabodi, muulize kwa heshima tu, fundi, kilichoungua ni kipi, nionyeshe. Kitu kilichoungua kinaonekana au kinapimika, mita itaonyesha shoti au itaonyesha volti hazifiki mahali fulani. Muulize kama ameisoma chipu ya BIOS na kama ana programa. Kabla ya hayo yote mwambie ajaribu chaja nyingine na RAM nyingine, na kioo cha nje, maana nimeshaona mashine "iliyokufa" ambayo kilichokufa ni taa ya kioo peke yake. Na ukikubali kubadilishiwa ubao, ule wa zamani ni mali yako, uondoke nao.